Msafiri na Mlowezi: Habari za Kuhamia Ng'ambo katika Nathari ya Kiswahili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hujulikana kila mahali pasemwapo Kiswahili, na kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha mgeni asikae bure. Lakini yaweza pia kuwa kipimo cha fasihi. Nathari ya Kiswahili ina habari nzuri za siku mbili za kwanza, yaani habari za watu waliofika nchi za mbali, wakashangaa, wakakirimiwa, kisha wakarudi kwao kusimulia. Habari za siku ya tatu, mgeni apewapo jembe, akatakiwa kulipa kodi ya chumba, kununua makaa ya kujikinga na baridi, kutafuta nyama iliyochinjwa kwa halali na kuonyesha karatasi za kumruhusu kukaa, ni chache mno. Tena waliozijua sana habari hizo, aghalabu ama hawakuziandika, ama waliziandika kwa lugha ya wenyeji wao. Jambo hili halijaangaliwa ipasavyo na wachambuzi, ambao wamezoea kuzisoma habari za safari ili kutafuta ndani yake ama maajabu ama unyonge wa mtawaliwa mbele ya mtawala.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, na yafaa kuyatazama kutoka mahali palipo mbali na bahari, kwa kuwa wengi waandikao juu ya mambo haya hukaa pwani, wakasahau kwamba wasemaji wengi wa Kiswahili leo ni watu wa bara. Utemini ni kata ya mji wa Singida, katikati ya Tanzania, yapata kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Jina lake ni la bara kabisa: ni utemi pamoja na -ni ya mahali, na mtemi, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni yule aliyetema, aliyekata miti na kuifungua nchi ipate kukalika. Hivyo jina hili limehifadhi kumbukumbu ya kuhama. Mtemi wa kwanza, kwa maelezo hayo, alikuwa mhamiaji mwenye shoka.

Mji wa Singida una maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na kwa mtoto alelewaye hapo ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa, upande uonekanao kwa macho. Mjini Unguja vilevile Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa hori iliyoutenga na Mji Mkongwe, na mtu aliweza kwenda asubuhi akarudi adhuhuri. Neno hili dogo la upande wa pili wa maji ndilo lililonyooshwa mpaka likafika Uingereza na Marekani. Ulaya nalo latokana na neno la Kiarabu wilaya, lenye maana ya nchi au jimbo tu. Ama ughaibuni, neno lipendwalo sasa na magazeti na hotuba za serikali, asili yake ni ghaibu, kutoonekana. Msomaji aangalie neno hili limetazama kutoka wapi. Yeye aliyehama haoni kwamba yuko mahali pasipoonekana. Anaiona barabara yake, anaiona theluji, anamwona mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Ughaibuni ni neno la waliobaki nyumbani.

Vitenzi vina habari kubwa kuliko majina. Kusafiri ni kuondoka kwa nia ya kurudi, na moto wa jikoni huachwa ukiwaka. Kuhama ni kuondoka na jiko lenyewe. Watu wa Singida, wafugaji na wakulima, hawakufundishwa neno hili na vitabu, kwa sababu kuhama pamoja na ng'ombe ni jambo la kale, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikifanya kitenzi hiki kijulikane katika kila kaya kwa umbo lake la kutendeshwa, kuhamishwa. Ahamaye huhamia mahali. Kitenzi hiki hakitulii mpaka kipewe mwisho wake. Ipo pia hajiri, yenye harufu ya dini. Lakini lipo neno jingine, zuri kuliko yote, lililokuwa tayari kwa kazi hii: kulowea. Kulowea ni kukaa ugenini mpaka ugeni ukakauka, mtu akawa na shamba, na jirani, na desturi za hapo, asiwe tena na haraka ya kurudi. Mwenye hali hiyo ni mlowezi. Jina hili karne ya 20 ilimpa mtu mmoja tu, Mzungu aliyechukua ardhi katika nyanda za juu za Kenya na kwingineko, na tangu hapo Mswahili aliyelowea Berlin au Maskati amekosa jina, kwa maana jina lake lilikwisha kuchafuliwa na mwingine. Hasara hii si ndogo. Lugha ikikosa jina la hali fulani, waandishi wake huona vigumu kuiona hali yenyewe.

Basi na zitazamwe habari zilizoandikwa. Mkusanyo ulio mashuhuri ni Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, na ambao baadhi ya habari zake zilipata kusomwa upya katika Swahili Prose Texts ya Lyndon Harries ya mwaka 1965. Humo imo habari ya Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake, Dk. Bumiller, mwaka 1896, akapita Petersburg na Moscow na mto Volga, akafika hata Siberia. Nathari yake ni safi, haina pambo lisilo na kazi. Macho yake ni ya mtu aliyezoea kutazama: anaona farasi, mahema, vyakula, mavazi, watu wakusanyikao kumtazama mtu mweusi, na Waislamu wa nchi zile za mbali ambao salamu ya dini yawafanya kuwa ndugu zake kwa saa chache. Ni haki kusema kwamba habari hii ni miongoni mwa nathari bora za Kiswahili za wakati wake.

Lakini aisomaye kwa sikio la lugha atasikia jambo moja likirudi kama kwato za farasi: -ka-. Wakaondoka, wakafika, wakalala, wakaamka, wakapanda tena. Kiambishi hiki ni chombo kizuri kwa msimulizi, maana chausukuma mwendo bila kuomba ruhusa. Kila -ka- yafunga mlango nyuma yake. Baridi ikija, huja mara moja, ikasimuliwa, ikaachwa kituo kilichopita. Chakula kikiwa kigeni, ni kigeni kwa jioni moja. Tena ni nani aliyelipa nauli, ni nani aliyepanga chumba, ni nani aliyesema na askari wa mpakani? Bwana. Shida zote za kutumia akili na fedha katika nchi ya watu zilibebwa na mwingine, na Selim akabaki na kazi mbili, utumishi na kutazama. Hapana haja ya kumlaumu. Yafaa tu kutambua kwamba habari yake haiwezi kumweleza mtu namna ya kukaa mahali, kwa kuwa yeye hakukaa.

Hali ya Martin Kayamba ilikuwa tofauti kwa cheo, lakini si kwa jambo hili. Mwaka 1931 yeye, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Pamoja ya Bunge iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na habari yake ya Kiswahili juu ya safari hiyo ilipigwa chapa London. Walikuwa wageni wa serikali, na siku zao zilipangwa na wengine. Mtemi alikwenda ng'ambo akarudi kwenye utemi wake. Habari ya namna hiyo yafaa sana kwa historia ya siasa, lakini juu ya kuhamia haina mengi ya kusema.

Zaidi ya hayo, haifai kusahau habari za namna ya Selim ziliandikwa kwa ajili ya nani. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1887, ilihitaji masomo ya Kiswahili kwa Wajerumani waliotayarishwa kuja kutawala na kufanya biashara. Msomaji aliyekusudiwa hakuwa kijana wa Bagamoyo mwenye nia ya kwenda Berlin, bali kijana wa Berlin mwenye nia ya kuja Bagamoyo. Msomaji kama huyo alifurahi kusikia jinsi nchi yake ilivyomshangaza mgeni. Hakuwa na hamu ya kujua mgeni alivyotafuta chumba. Mshangao ulitakiwa, ukaandikwa. Uchovu haukutakiwa.

Hapo ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liingiapo, na hapo ndipo shauri hili lipatapo uzito wake. Mtoro, mtu wa upande wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari hiyo. Huyu hakuwa msafiri. Alifanya kazi, alipokea mshahara, alikaa miaka mitano, na mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 alipanda meli pamoja na mkewe ili warudi kwao Mtoro, lakini serikali ya kikoloni ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani haikutaka kuona mume mweusi na mke mweupe katika nchi iliyoitawala, wakazuiwa kuingia. Walirudi Ujerumani. Alipata kufanya kazi Hamburg, akazunguka akitoa hotuba juu ya nchi asiyoruhusiwa kuikaa na mkewe, akafa mwaka 1927. Ludger Wimmelbücker ameyaeleza maisha haya kwa utafiti mkubwa katika kitabu chake cha mwaka 2009, na hapana haja ya kuyarudia yote.

Mtu huyu, ambaye katika waandishi wote wa zama zake ndiye aliyekuwa mlowezi kwa maana kamili ya neno, aliandika nini juu ya kulowea? Katika maandishi yake yaliyochapwa na kujulikana sana, hakuandika kitu. Katika Safari za Wasuaheli aliandika safari za Udoe na Uzigua, si za Ujerumani. Na katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka kwa jina la Velten mwaka 1903, na ambacho J.W.T. Allen, katika tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1981, alikirudisha kwa haki kwa Mtoro ingawa wasemaji wengine pia walichangia, alieleza uzazi, malezi, unyago, ndoa, maradhi, mazishi, biashara na safari za watu wa pwani. Berlin haimo.

Imesemwa mara nyingi kwamba kitabu hiki ni hazina ya mila, na ndivyo kilivyo. Lakini kimesomwa kama kwamba kiliandikwa barazani Bagamoyo, na hilo ni kosa. Mtu akaaye barazani hana sababu ya kueleza kila kitu, maana majirani wanajua. Ukamilifu wa Desturi, ule uangalifu wa kutoacha hata hatua moja ya harusi wala hata kitu kimoja cha mazishi, ni ukamilifu wa mtu aliyezungukwa na wasiojua lolote, anayepaswa kuijenga nyumba yake nzima kwa maneno kwa kuwa hawezi kuwaonyesha. Ugeni wa mwandishi hautajwi, lakini ndio uliokipa kitabu umbo lake. Tena aangalie mwanafunzi wa sarufi: nathari ya Desturi haiendi kwa -ka- peke yake kama habari za safari. Yakaa juu ya hu- na juu ya -a- na juu ya -ki- ya sharti: mtoto akizaliwa, wanawake hufanya hivi, mtu akifa, hufanywa hivi. Hu- ni kiambishi cha mahali mtu alipolowea, ni sarufi ya mambo yarudiayo. Mtoro alikuwa nayo mkononi, akaitumia kwa ustadi, na alipoitumia aliitumia kwa nchi aliyokuwa ameiacha. Kuhusu Berlin, ambako kwa miaka mitano kila asubuhi ilirudia asubuhi, hakuna hu- hata moja iliyotufikia. Laiti angaliandika, japo kurasa kumi, jinsi Wajerumani waishivyo: majira ya baridi yafikapo, watu hufanya nini, mtu akitaka chumba, huanza wapi, mwenye nyumba amwonapo mgeni, husema nini. Kitabu cha Desturi kilichogeuzwa uso namna hiyo hakikupata kuandikwa, na ukosefu wake ni pengo kubwa kuliko wachambuzi walivyokubali kukiri.

Waliosema habari za siku ya tatu walizisema kwa lugha nyingine. Sayyida Salme, binti Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliondoka mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, mwaka 1867, akaenda kukaa Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alikufa kwa ajali ya gari la reli ya mjini mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu na fedha haba. Kumbukumbu zake, zilizopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886, hutajwa sana kwa ajili ya habari za majumba ya sultani. Kwa shauri la makala haya, zenye thamani zaidi ni zile barua zake zilizochapwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1924, ambazo amemwandikia rafiki wa Unguja. Humo mna baridi isiyosimuliwa kama ajabu bali kama adui wa kila siku. Mna nyumba ambayo bibi wake hawezi kusema na watumishi wake. Mna chakula kisicholiwa, na macho ya watu yasiyochoka, na mjane ahamaye kutoka mji hata mji akitafuta mahali ambapo fedha kidogo yaweza kutosha. Zimeandikwa kana kwamba zampelekea mtu wa Unguja, na hata hivyo ni za Kijerumani. Rafiki anayeitwa ndani ya barua hizo asingaliweza kuzisoma. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tatizo hili: aliyekusudiwa yuko upande huu wa maji, lugha imebaki upande ule.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza, na katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001 amelifikisha jambo hili mahali ambapo nathari ya Kiswahili haijafika. Saleh Omar, mzee, afika uwanja wa ndege wa Gatwick kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji aufungua mfuko wake, akatoa kitu kimoja kimoja, mpaka akafikia kijaluba cha udi, akakichukua. Msomaji Mswahili haelezwi udi ni nini, aujua, na kwa hiyo amwona ofisa akitia mfukoni si manukato bali nyumba, na arusi, na maiti waliofukizwa. Kurasa hizi hazina falsafa nyingi. Zina meza, mfuko, karatasi, na maswali. Nguvu yake yatoka katika kuheshimu utaratibu wa kazi ya ofisi, kila hatua ikipewa nafasi yake. Ni vyema kukumbuka kwamba riwaya ya Gurnah iliyotangulia kuletwa kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, ni Paradise, kwa jina la Peponi. Yaani riwaya ya msafara wa kwenda bara. Tafsiri hiyo ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo uchaguzi huo, kwa sababu zozote zile, uliifuata tabia ya kale: safari ndiyo iliyotangulia nyumbani.

Kazi ya Kiswahili iliyokaribia zaidi, miongoni mwa zinazopimwa hapa, ni Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi ya mwaka 2013. Mwandishi wa Kuli alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba aijua kazi ya mikono na jasho lake, na katika kitabu hiki cha maisha yake ajua vilevile uzito wa kipande cha karatasi. Vijana waondoka Unguja kutafuta elimu ng'ambo, wakipita bara, Uganda na Sudan, kuelekea Misri. Na mipaka, askari, njaa na fedha zinazokwisha si mapambo ya hadithi bali ndiyo hadithi yenyewe. Hapa hapana bwana wa kulipa nauli. Kwa upande huo kitabu hiki chamzidi Selim bin Abakari kwa mbali. Kasoro yake, ikiwa ni kasoro, ni kwamba nguvu zake kubwa ziko njiani. Shafi ni bingwa wa mpaka na kituo cha basi.

Huenda ikapingwa kwamba kodi, makaa na karatasi si mambo ya fasihi, na kwamba mwandishi apaswa kuinua macho juu ya mambo hayo. Hoja hii yatoka katika masomo ya ugenini, si katika mapokeo ya Kiswahili. Habari za misafara ya bara zilizomo ndani ya mkusanyo huohuo wa Velten zina hongo, mizigo, posho na ugomvi juu ya hongo, na msomaji hawezi kuelewa ujasiri wala hofu ya wasafiri bila kujua nguo ngapi zilitakiwa na nani. Desturi nayo haikuona haya kuorodhesha vitu. Nathari ya Kiswahili ilizaliwa mikononi mwa watu waliohesabu. Ikiwa siku hizi yadhani kwamba hesabu ni jambo la chini, imejifunza dhana hiyo shuleni.

Tena wasemaji wenyewe hawakungojea waandishi. Pale vitabu viliponyamaza, mitaa ilitunga msamiati mzima wa kuhamia ng'ambo. Kuzamia, kazi ya mpiga mbizi, likawa jina la kujificha ndani ya meli mpaka nchi ya watu, na mzamiaji akawa mtu asiyelowa maji. Karatasi, au makaratasi, likaacha kuwa jambo la kuandikia likawa haki ya kukaa: mtu ana karatasi au hana, na katika sentensi hiyo fupi mna ndoa, ajira, matibabu na usingizi wake. Kubeba boksi likawa jina la kila kazi ya mikono ya Ulaya na Marekani, hata ile isiyo na boksi. Kujilipua likawa kujitoa mbele ya maofisa na kuomba hifadhi kwa habari ambayo pengine si ya mwombaji mwenyewe, jambo lile lile alilolifanya Saleh Omar kwa jina la mwenziwe. Wasomi wa sarufi wamezoea kuyapita maneno kama haya kwa kuyaita ya mitaani. Lakini yatazamwe yalivyoundwa. Kujilipua lina -ji- ya kujitendea: anayelipuka na anayewasha utambi ni mtu mmoja. Hapana neno la kisheria, katika Kiswahili wala katika Kiingereza, liwezalo kusema kwa ufupi namna hiyo kwamba mtu ateketeza jina lake la zamani ili aokoke.

Maneno ya Ghuba yana mkondo wake. Ushirika wa Unguja na Oman ni wa kale, na Kiswahili husemwa Maskati na watu ambao wazee wao waliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Hao ni walowezi kweli kweli, au warejeaji, kutegemea ni nani aulizwaye. Lakini katika miaka ya karibuni wamekwenda huko pia wanawake wa Kitanzania kufanya kazi za nyumbani, nao wameleta katika usemi neno kafili, mdhamini ambaye ruhusa ya mfanyakazi ya kukaa nchini imefungwa kwake. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizoshikwa na waajiri, saa za kazi zisizokwisha na mishahara isiyolipwa. Ilitolewa kwa Kiingereza, ikitegemea maneno ya wanawake waliohojiwa. Msomaji wa fasihi ana haki ya kuuliza maneno yale ya asili yalikuwaje kabla ya kupita katika mkono wa mwandishi wa taarifa. Walitumia -ka- au hu-?

Swali hilo si la mzaha. Mtu wa Utemini afikiriaye kumpeleka binti yake Maskati, au kuuza mashine ya kukamulia alizeti ili kijana wake aende Manchester, hahitaji kuambiwa kwamba Ulaya kuna majengo marefu, kwani hayo ameyaona katika simu yake. Ahitaji kujua mambo yarudiayo. Mshahara hulipwa lini, na kiasi gani chake huliwa na chumba? Mtu akiugua, huenda wapi, naye huulizwa karatasi gani mlangoni? Akifa, hufanywa nini, na ni nani alipaye kusafirisha maiti? Na akitaka kurudi je? Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 Mtanzania mtu mzima achukuaye kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa kwao. Aondokapo akiwa mwenyeji, aweza kurejea akiwa mgeni, mwenye kugongewa muhuri wa siku za kukaa katika nchi alikozaliwa. Majibu ya maswali haya yapo kwa Kiswahili, lakini yamo katika ujumbe wa sauti utumwao kwa simu, ambao husikilizwa mara mbili, na jirani akasikilizishwa, kisha ukafutwa ili simu ipate nafasi. Humo hu- imejaa tele: huku mtu huamka kabla ya alfajiri, huku mwenye nyumba hataki kelele, huku ukikosa basi la kwanza hukatwa saa nzima. Sauti hizo ni nathari ya kulowea, na wasomi wamezikusanya kidogo mno kuliko mashairi ambayo tayari yana nakala tano.

Velten, pamoja na makosa yake yote, aliketi na Mtoro akamtaka aeleze jinsi watu wakaavyo. Alimwuliza habari za nchi moja tu. Mwaka 1905 meli ilipofika katika maji ya Afrika ya Mashariki, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli alikuwa na mke, ujuzi wa lugha mbili, na miaka mitano ya kodi, baridi, mshahara na macho ya watu. Hapakuwa na mtu yeyote, si melini wala bandarini, aliyemwomba aandike hayo.